Ripoti ya taka imerudi na maswali? Anzia mizanini, usianzie kwenye Ekseli

Assalaam alaikum wenzangu. Haya ntayoyaandika ni kwa wenzangu wa idara za usafi na mazingira kwenye mabaraza ya hapa Unguja na kule Pemba, pamoja na vijana wa vikundi vya usafi na masheha wanaotuletea takwimu, yani kila anaeigusa ile ripoti ya robo mwaka inayosema tumekusanya taka kiasi gani, zilizokwenda jaani ngapi, na zilizookolewa zisifike jaani ngapi. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa na ripoti yangu ilishawahi kurudishwa mara mbili mfululizo. Ile mara ya pili nilikuwa nshaipanga upya Ekseli nzima, fomula moja moja, usiku mpaka saa saba, kumbe tatizo halikuwa kwenye Ekseli hata kidogo, lilikuwa kwenye daftari la getini. Tokea hapo nikiona namba yoyote ya taka naiuliza kwanza, wewe mzazi wako nani? Namba yenye mzazi ina karatasi, ina tarehe, na ina mtu alosimama mbele ya mizani akaiandika. Isiyo na mzazi imeokotwa njiani.

Jambo moja kwa walio wapya. Jukumu la taka liko kwa mabaraza kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya 2014, na ZEMA, yani mamlaka ya kusimamia mazingira hapa Zanzibar, imeundwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015. Wakubwa wetu wa tawala za mikoa wanataka kujua huduma imefika wapi na pesa imekwendaje, watu wa mazingira wanataka kujua taka zimeishia wapi. Kwa hivyo taka ni zile zile lakini masuali ni mawili, na mtu akijibu suali la huyu kwenye karatasi ya yule basi tayari ripoti ishaanza kwenda upande.

Haya tuingie. Tafuta dalili yako, soma chini yake.

ASILIMIA YA TAKA ZILIZOOKOLEWA IMEPANDA GHAFLA

Hii ndo inayorudishwa sana, kwa sababu msomaji wa upande wa pili anaona robo iliyopita asilimia 8, robo hii asilimia 21, na hakuna kiwanda kilichojengwa wala mradi ulioanza. Unafurahi wewe, mkurugenzi anafurahi, lakini yule msimamizi anaeipokea ripoti hafurahi, anauliza. Na ana haki.

Cha mwanzo angalia idadi ya watu. Mabaraza mengi hayapimi taka zote zinazozalishwa, yanakadiria kwa kuzidisha idadi ya watu na kilo za mtu mmoja kwa siku. Sasa fungua lile faili la zamani uangalie idadi ya watu imetoka wapi, mara nyingi utakuta bado ni ya sensa ya 2012. Sensa ya 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569, ya 2022 ni watu 1,889,773. Hiyo ni tofauti ya watu laki tano na themanini na sita elfu, karibu asilimia 45 juu ya ile ya zamani! Ukitumia ya 2012, taka zinazozalishwa zinaonekana kidogo kuliko zilivyo, na zile ulizookoa ukizigawa kwa kitu kidogo asilimia lazima ipande. Hakuna aliyedanganya, ni faili tu la zamani. Badilisha, tumia idadi ya wilaya yako na shehia zako ya 2022, khalafu rudi nyuma urekebishe na robo zilizopita kwa hisabu hiyo hiyo, mana ukibadilisha robo moja tu utaonekana umeshuka ghafla na masuali yatakuja vile vile.

Cha pili, na hapa naomba usome taratibu, ni ile hali ya kuongeza juu bila ya kuongeza chini. Tuseme baraza limekusanya tani 1,200 kwa robo, na katika hizo 120 zimeokolewa, asilimia 10, sawa. Sasa kijana mmoja mwenye bidii anakwenda kwa wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu anakuja na tani 60 nyengine ambazo waokotaji walizichukua majumbani na mitaani kabla gari la baraza halijafika. Kazi nzuri sana. Anaziongeza, 120 na 60 ni 180, anagawa kwa 1,200, anapata asilimia 15. Lakini zile 60 hazimo ndani ya 1,200, hazijawahi kupanda gari la baraza! Kwa hivyo na chini inakuwa 1,260, na jibu ni asilimia 14.3. Tofauti ni ndogo kwenye mfano wangu lakini kwenye baraza ambalo waokotaji ndo wanaofanya kazi kubwa, tofauti hii inakuwa ya kutisha.

Cha tatu ni kuhisabu kitu kimoja mara mbili au mara tatu. Fuata chupa moja ya maji. Mama wa kikundi cha usafi anaiokota ufukweni, kikundi kinaandika kwenye daftari lao. Anaiuza kwa mnunuzi wa mtaani, naye anaandika. Yule anaipeleka kwa mnunuzi mkubwa mwenye mashine ya kubana, naye anaandika, khalafu inavuka bahari kwenda Dar es Salaam na karatasi ya meli ina uzito wake. Sasa baraza likikusanya takwimu kwa wote wanne na kujumlisha, chupa ile ile imeokolewa mara nne. Dawa yake ni kuchagua sehemu MOJA ya kuhisabia kwa kila aina ya taka na kuiandika kwenye ripoti. Mie kwa plastiki nachagua mnunuzi wa mwisho hapa kisiwani kabla ya bandari, kwa sababu hapo zishasafishwa, zimebanwa, na yeye ana mizani anayoiamini kwani ndo inayomlipa. Wale wengine takwimu zao nazichukua pia lakini kwa kulinganishia tu, hazijumlishwi.

Na cha nne ni rahisi: stoo. Mnunuzi wa vyuma kaweka mzigo miezi minane akisubiri bei ipande, bei ikapanda mwezi wa Machi, akapakia wote kwa mkupuo mmoja. Kwenye ripoti yako Machi inaonekana mabati na mafriji yote ya Unguja yamekusanywa mwezi ule. Muulize kilichoingia, usimuulize kilichotoka.

Naongeza kidogo hapa kwa sababu watu hudhani taabu hii ni yetu peke yetu. Kule California Marekani sheria yao ya 1989 ilitaka kila mji uepushe asilimia 25 ya taka zisifukiwe jaani kufika 1995 na asilimia 50 kufika 2000, na miji ikawa inahangaika na hisabu hizi hizi, uliza kilichozalishwa, kadiria, toa, gawa. Kwa sheria ya 2008 wakageuza kipimo, wakawa wanaangalia zaidi uzito wa taka zinazokwenda jaani kwa kila mtu kwa siku, kwa sababu kilichofika jaani kinapimika na kilichoepushwa kinakadiriwa. Kwa hivyo nashauri, hata kama fomu haijaomba, weka na mstari huo: kilo za jaani kwa mtu kwa siku. Asilimia ikikupeleka kombo, mstari ule utakurudisha.

SHEHIA NA VIKUNDI VINALETA MAPOLO, FOMU INATAKA KILO

Siku moja nilikwenda kwa mzee mmoja ananunua chupa za plastiki, kibanda chake kiko nyuma ya gereji, mapolo yamepangwa mpaka juu ya bati. Nikamwambia mzee wangu, kwenye ripoti ya kikundi wameandika mapolo 40 wamekuletea wewe, na mie nimezidisha kwa kilo 10 kila polo, sawa? Akanitazama akanambia, mwanangu, hebu shusha mawili hapo tupime. Tukalitundika la mwanzo kwenye mizani yake ya kuning'iniza, kilo 4 na nusu. La pili, polo lile lile, saizi ile ile, kilo 11. La mwanzo chupa zilikuwa nzima na vizibo vyake, zimejaa hewa. La pili zimekanyagwa, khalafu tulipolimwaga chini zikatoka na mchanga wa pwani na maji ya mvua kwenye baadhi ya chupa, na chini kabisa kiatu. Mzee akazitoa zile za maji, akakung'uta mchanga, akapima tena, kilo 8. Akasema, mie nalipa hii ya mwisho. Nikaona aibu, kwa sababu ile kilo 10 yangu ya kwenye karatasi ya serikali ilikuwa karibu na ile yenye mchanga na maji.

Kwa hivyo kama unapokea mapolo, pakacha, ndoo, rikwama au gari la ng'ombe, hakuna ubaya wowote, watu wanahisabu kwa kile walicho nacho. Ubaya ni kukizidisha kwa namba isiyo na mzazi. Fanya hivi: kwa kila aina ya chombo na kila aina ya taka pima visivyopungua kumi, siku tofauti, kwa vikundi tofauti, chukua wastani, andika tarehe na jina la aliyepima, na hiyo ndo namba yako ya kuzidishia. Polo la chupa nzima liwe na namba yake, polo la chupa zilizokanyagwa liwe na yake, polo la makopo ya soda lake. Chupa za kioo zipime peke yake kabisa, mana polo la kioo nusu tu mtu mzima halibebi, ukilizidisha kwa namba ya plastiki umepoteza tani nzima nzima. Na rudia kupima kila mwaka, mizani nayo ikaguliwe na watu wa vipimo, au angalau kila asubuhi itundike kitu unachokijua uzito wake, mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha kabisa.

NAMBA ZINAFANANA KILA MWEZI

Julai tani 412, Agosti tani 412, Septemba tani 412. Msimamizi akiona hivi anajua bila ya kuuliza kwamba hakuna aliyepima. Na sababu mara nyingi sio uvivu, ni kwamba dereva anaandika safari, safari ni zile zile kwa ratiba, na ofisini mtu anazidisha safari kwa ujazo wa gari. Gari la mita za ujazo 7, safari 3 kwa siku, basi imekwisha.

Lakini gari kujaa sio uzito. Mita 7 za taka za soko, maganda ya muhogo, majani ya migomba, matikiti yaliyooza, ukichukua tuseme kilo 300 kwa mita moja ya ujazo unapata tani 2.1. Gari lile lile likijazwa makumbi ya madafu makavu na maboksi halifiki hata nusu ya hapo. Na wakati wa masika, Machi mpaka Mei, taka zilizokaa kwenye kontena lisilo na mfuniko zinakunywa maji, unapima mvua. Mwezi wa Ramadhani nao mizigo inabadilika, maganda na mabaki ya chakula yanazidi jioni, na dereva atakwambia mwenyewe gari linakuwa zito kabla halijajaa.

Dawa: kama jaa unalopeleka lina mizani ya daraja, ile inayopima gari zima, tumia hiyo kila safari, hapo hakuna mjadala. Kama huna, chukua wiki moja wakati wa kiangazi na wiki moja wakati wa masika, pima kila aina ya gari kwa kila aina ya njia (ya soko, ya majumbani, ya mahoteli), hata kama itabidi uombe mizani ya mtu wa kokoto au wa bandarini. Utapata namba sita au zaidi za msingi, na kuanzia hapo safari unazidisha kwa namba ya njia yake na msimu wake. Ripoti itaanza kupumua, itapanda na kushuka kama taka zenyewe.

ZILIZOINGIA HAZILINGANI NA ZILIZOTOKA

Kwenye kituo cha kuchambulia: zimeingia tani 30, zimetoka tani 18 za kuuza na tani 5 za jaani. Tani 7 ziko wapi?

Kabla hujamshuku mtu wizi, angalia uzito wa gari tupu. Uzito ule ulipimwa lini, tangi la dizeli lilikuwa na nini, na wapakizi walikuwa juu au chini? Mie nimeona gari linapimwa likiingia na vijana wawili wamesimama nyuma, likitoka vijana wako chini wanakunywa chai. Hao ni kilo mia na thalathini kila safari. Kwa safari 60 za mwezi ni karibu tani 8 za taka ambazo ni watu wazima wenye afya zao!

Khalafu maji. Taka zinazoingia asubuhi zimelowa, zikimwagwa na kuchambuliwa siku mbili zinakauka, uzito unapungua kihalali kabisa. Andika mstari wa upungufu wa unyevu, usiufiche ndani ya mstari mwengine. Tatu ni mzigo uliobaki sakafuni mwisho wa mwezi, uliingia Juni 29 utatoka Julai 3, na Juni 30 ndo mwisho wa mwaka wa fedha kwa hivyo unakatwa katikati ya ripoti mbili. Kila mwisho wa robo kadiria kilichobaki sakafuni na ukiandike kama kilivyo, kimebaki.

Na lile linalosahaulika: uchafu ndani ya kilichookolewa. Ukimuuzia mnunuzi tani 18 na yeye akatupa tani 2 kwa sababu ni chupa za mafuta au plastiki zilizooza kwa jua, basi zilizookolewa ni 16, na zile 2 lazima zionekane zimekwenda jaani.

MBOJI

Hapa nasimama kidogo kwa sababu napenda mboji na naamini kwa kisiwa kama chetu, ambacho taka zake nyingi ni za jikoni na za shamba, ndo njia ya kweli ya kupunguza mzigo wa jaani, kuliko chupa zote tunazopigia picha.

Dalili moja, mboji imeandikwa ndogo sana na msimamizi anauliza mbona taka za soko zimepotea. Sababu ni kwamba mtu ameandika mboji iliyouzwa. Taka tani 10 zikioza vizuri zinatoka tani 4 au 5 za mboji, nyengine zimepanda hewani kama mvuke na gesi. Kilichookolewa ni kile kilichoingia kwenye tuta, sio kile kilichotoka. Dalili ya pili ni kinyume chake, mboji na taka za sokoni zimejumlishwa pamoja, 10 zilizoingia na 4 na nusu zilizouzwa, 14 na nusu. Hapana. Hizo ni kitu kimoja, mbegu na mche wake huwezi kuvihisabu miti miwili.

Katika zile 10 pia toa ulichokichambua ukakitupa, mifuko, majani ya chai ya pakiti, sindano wakati mwengine (Mungu atuhifadhi, vaeni glovu). Kama ulitoa kilo 800 basi andika tani 9.2. Na kama tuta lilioza vibaya likanuka majirani wakalalamika ukalipakia lote ukalipeleka jaani, yaani halikuwa mboji tena, basi na lenyewe linatoka kwenye orodha ya zilizookolewa hata kama inauma.

Mabaki yanayochukuliwa na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, maganda na majani ya soko, soma fomu yako inasemaje kwanza. Baadhi ya tafsiri zinahisabu chakula cha mifugo kama kuokoa, nyengine hazihisabu. Weka kwenye mstari wake peke yake ili msimamizi aweze kuutoa bila ya kukuvurugia jumla.

SHEHIA INALETA SIFURI

Kuna shehia ya mashamba, sitaitaja, kila mwezi sifuri. Nikaenda. Sheha mwenyewe, mama wa makamo, akanikaribisha barazani, nikamuuliza, Bi Sheha, taka za hapa zinakwenda wapi? Akanambia mwanangu, hapa hatuna taka sie, majani tunayafukia kwenye migomba na vyengine tunachoma pale nyuma. Akanionesha. Jivu lilikuwa bado la moto, na katikati kimebaki kipande cha nepi.

Sasa hapo kuna vitu viwili vimechanganyika. Majani yaliyofukiwa migombani ni mboji ya kienyeji, ni jambo jema, unaweza kulikadiria kwenye mstari wa majumbani kama fomu inaruhusu. Zilizochomwa sio zilizookolewa. Hazikwenda jaani kweli, lakini zimekwenda mapafuni mwa watu. Kwa vile viashiria vya malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, 11.6.1 kinachoangalia taka zinazokusanywa na kupelekwa pahala panaposimamiwa, na 12.5.1 cha urejelezaji, zote hizo zinaangukia nje. Ziandike kama taka zisizokusanywa. Baraza litaonekana halijafika kule, na ni kweli halijafika, ndo hoja ya kuombea gari jengine.

Sifuri nyengine ni ile ya mifuko ya plastiki. SMZ ilipiga marufuku mifuko tokea 2006, kwa hivyo karani anaona akiandika kilo 300 za mifuko ni kama anaitangazia serikali kwamba sheria haifuatwi. Anaweka sifuri. Ndugu yangu, andika ulichokiona. Wasimamizi wakiletewa sifuri kila robo watajuaje mifuko inaingilia wapi?

HOTELI NYINGI, CHUPA KIDOGO

Wilaya yako ina Nungwi au Paje ndani yake na ripoti inaonesha kioo kidogo kuliko mtaa mmoja wa Ng'ambo. Sababu karibu daima ni kwamba taka za hoteli zinachukuliwa na mkandarasi binafsi, hazipiti kwako kabisa. Usiwaandikie hoteli barua hamsini, hawatajibu na wakijibu watakupa mapolo. Muulize mkandarasi, wao wanapima au angalau wanahisabu safari kwa ajili ya ankara. Na ukiweka takwimu zao tumia namba za siri badala ya majina ya mahoteli, wafanyabiashara wakijua majina yao hayatangazwi wanafunguka. Kumbuka pia sensa haioneshi wageni wanaokuja na kuondoka mwaka mzima, kwa hivyo kilo kwa mtu kwa siku za ukanda wa hoteli zitakuwa kubwa ajabu, Julai na Agosti na mwisho wa mwaka. Sio kosa, lielezee kwa sentensi moja chini ya jedwali.

TAKA ZINAZOZALISHWA HAZIJULIKANI KABISA

Yaani ukiulizwa kilo za mtu kwa siku umezipata wapi huna jibu, ulizikuta. Basi pimeni. UN-Habitat wana utaratibu wao wa kupima taka mijini unaofaa hata kwa baraza maskini: nyumba 90, kutoka maeneo 9, yaani nyumba 10 kila eneo, wenye kipato cha juu, cha kati na cha chini wote wamo. Unakusanya siku 8 mfululizo na taka za siku ya mwanzo unazitupa bila ya kuzihisabu, mana siku ile watu wanatoa uchafu wa wiki nzima ulokaa uani. Mifuko, mizani, glovu, vijana sita na sheha wa kuwatambulisha mlangoni. Hatuhitaji mshauri wa kutoka mbali kwa hili.

VIJITU VYA EKSELI

Hivi vipo lakini ni vichache. Moja, nukta na koma, mtu kaandika 1.250 akikusudia elfu moja mia mbili na khamsini, kompyuta imesoma moja na robo. Mbili, tarehe 03/04 kompyuta moja inasoma Aprili nyengine inasoma Machi, andika mwezi kwa jina. Tatu, safu moja ina kilo nyengine ina tani. Nne, jumla imeandikwa kwa mkono badala ya fomula. Funga zile seli za jumla, mpe mtu sehemu za kujaza tu. Na msitumiane faili kwenye WhatsApp mkawa na matoleo saba, "ripoti ya mwisho", "ya mwisho kabisa", "ya mwisho kweli".

UMESHATUMA NA NDO UNAGUNDUA KOSA

Andika barua mapema, usingoje warudishe. Sema: ripoti ya robo fulani, jedwali fulani, mstari fulani, tuliandika hivi, sahihi ni hivi, sababu ni hii, na robo zilizoathirika ni hizi. Ambatanisha picha za kurasa za daftari la mizani, zile zile zilizochafuka kwa mafuta na vumbi, usizinakili upya kwa mwandiko mzuri kwa sababu ukurasa mchafu ndo unaoaminika. Kwenye jedwali jipya ongeza safu moja tu upande wa kulia na kila mstari uweke herufi: P kama imepimwa, K kama imekadiriwa, A kama umeambiwa na mtu wa nje. Robo ya kwanza nilivyofanya hivyo mistari yangu mingi ilikuwa K, nikaona haya kuituma. Nikaituma. Ilirudi safari hii na suali moja tu, wanataka kujua zile P za soko nimezipima kwa mizani gani.